Ndimi za moto kwenye pikipiki ya safari ndefu: za kizamani, za mzuka au moto wa kweli?

Ukishaamua pikipiki yako ya safari iwe na moto ubavuni, kinachobaki ni kuchagua moto wa aina gani, na hapa ndo watu wengi wanapotea maana wanachagua kwa picha. Mtu anaona tangi la chopa, zile pikipiki zilizopunguzwa vitu na kurefushwa mbele, limepigwa ndimi za njano na nyekundu, limependeza kweli, anampelekea fundi rangi ile picha anamwambia nifanyie hivi hivi. Sasa chopa ina tangi moja dogo na madigadi mbili, basi. Pikipiki ya safari, yaani Honda Gold Wing, Harley-Davidson Electra Glide au Road Glide, BMW K 1600, Indian Roadmaster, Yamaha FJR1300 na wenzao, ina kava kubwa la mbele la kukinga upepo, tangi, makava ya pembeni, maboksi mawili ya ubavuni na mara nyingi boksi lingine kubwa nyuma ya abiria. Eneo la kupaka ni kubwa mno na limekatwakatwa vipande vipande, kwahiyo mchoro uliopendeza kwenye tangi moja ukiurudia kila kipande unageuka kelele, jicho halijui litue wapi.

Ndo maana hapa nalinganisha kwa jicho la mtu mwenye pikipiki kubwa ambaye anasafiri nayo kweli, jua lake, mvua yake, kokoto zake, na anaipaki sehemu ambazo watu wanapita wakiigusa. Msimamo wangu nautoa mapema: umbo la pikipiki na jinsi kava lake la mbele lilivyofungwa ndo vikuchagulie aina ya moto, mambo ya rangi gani yaje baadaye.

Ndimi za kizamani

Hizi ndo zile zilizoshika kwenye magari ya hotirodi (magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu na kupambwa) ya California miaka ya 1950, enzi za mafundi rangi kina Von Dutch (jina lake halisi Kenneth Howard), Ed Roth, Dean Jeffries na Larry Watson. Mbele kuna vichwa vinene vya mviringo, moto unaanzia hapo unarudi nyuma kwa ndimi zilizopinda mpaka zinaishia ncha kali. Rangi ya kawaida ni njano mbele, inageuka ya machungwa, ncha zinakuwa nyekundu, alafu ukingo wote unazungushiwa mstari mwembamba wa rangi nyingine, mara nyingi bluu. Uzuri wake ni kwamba unasomeka toka mbali. Mtu yuko ng'ambo ya barabara, pikipiki inapita kasi, anajua huo ni moto.

Ila ndani ya hizi za kizamani kuna koo mbili, na kwa pikipiki kubwa tofauti yake sio ndogo. Kuna fupi nene, wanaziita magando ya kaa, na kuna ndefu nyembamba zinazoyumbayumba, wanaziita mwani, hizi Larry Watson anakumbukwa nazo sana. Magando ya kaa yanapendeza kwenye kitu kifupi na cha duara, madigadi ya mbele kwa mfano, au pua ya kava. Ukiyaweka kwenye boksi la ubavuni yanaonekana yamebandikwa tu, maana boksi ni refu na moto umekwisha kabla boksi halijafika nusu. Mwani ndo unaofaa kwa urefu wa pikipiki ya safari, ulimi unaweza kuanza chini ya taa ukapita ubavu wa kava, ukagusa tangi, ukaja kumalizikia kwenye mfuniko wa boksi, na ukikaa vizuri pikipiki inaonekana inakwenda hata ikiwa imeegeshwa.

Sasa jinsi ya kumjua fundi wa kazi hii, mwangalie akiweka tepu. Anatumia tepu nyembamba ya plastiki, upana kama milimita 3, mkono mmoja unashika rola na kidole gumba cha mkono mwingine kinafuata nyuma kikikandamiza. Kwenye kona haivuti, anaiacha igeuke yenyewe, kwa sababu tepu ikivutwa kwenye kona itataka kurudi ilikotoka, inanyanyuka kidogo ukingoni na rangi inapenya chini yake, ukija kutoa tepu unakuta ukingo una meno. Alafu usiangalie ndimi peke yake, angalia nafasi iliyobaki kati ya ulimi na ulimi. Ile nafasi inapoanzia inatakiwa iwe duara kama tone la maji, laini, ikiwa imebana kama pembe ya mkasi mchoro mzima utaonekana wa haraka haraka hata ukipakwa rangi ya bei mbaya kiasi gani. Na hakuna ndimi mbili zinazofanana sawasawa upande mmoja, moto haujipangi hivyo.

Upande wa pili ndo habari nyingine. Wengine wanataka kushoto na kulia zifanane kabisa, na fundi anaweza kufanya hivyo kwa kuchora upande mmoja kwenye karatasi, anaitoboatoboa mistari kwa sindano au kigurudumu chenye meno, anaigeuza upande wa pili anapiga unga wa chaki, unapata nukta za kufuata. Mi naona kwa pikipiki ya safari inatosha ndimi kubwa zilingane na zile ndogo zijipange zenyewe, kwanza pande mbili za pikipiki hazionekani kwa wakati mmoja isipokuwa ukisimama mbele au nyuma. Ukisimama mbele ndo kufanana kunahitajika, kwahiyo pua ya kava ipimwe kwa makini, mengine mwachie mkono wa fundi.

Ubaya wa za kizamani: kila rangi ikitolewa tepu inaacha ngazi, ukipitisha kucha unaisikia. Ili uso uwe laini inabidi ipigwe klia, yaani tabaka la juu linaloonyesha rangi ya chini, ikauke, isuguliwe kwa msasa wa maji, kama namba 600 hivi, alafu ipigwe klia tena. Fundi anayeruka hatua hiyo utamjua ukiinama na kuangalia kwa upande, kila ulimi una kingo. Na ule mstari mwembamba wa pembeni sio pambo la hiari, ndo unaoficha makosa madogo ya tepu na ndo unaoutenganisha moto na rangi ya chini. Ukiambiwa tutaufanya siku nyingine, subiri hiyo siku nyingine ndo uanze kazi.

Moto wa mzuka

Huu ni mchoro uleule wa ndimi, ila rangi yake ni ya lulu, unga laini wa mika (madini yanayometameta) uliochanganywa kwenye klia, unapulizwa mwepesi juu ya rangi ya chini iliyo karibu nayo. Pikipiki nyeusi yenye lulu ya bluu, au nyekundu iliyoiva yenye lulu ya dhahabu. Ukiwa kivulini unaona pikipiki nyeusi tu. Inatoka kivulini, jua linagonga tangi kwa pembe flani, ndimi zinatokea zote kwa mpigo, unasogea hatua mbili zinapotea tena. Kwenye eneo kubwa kama la Gold Wing hakuna kitu kinachopendeza kama hicho, kwa sababu unaweza kuijaza pikipiki nzima mbele mpaka nyuma na bado haipigi kelele. Hiyo ndo faida ambayo aina zingine hazina. Za kizamani ukizijaza kila mahali unachoka kuziangalia ndani ya mwezi, za mzuka unaweza kuishi nazo miaka.

Faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: kama rangi ya kiwandani bado nzima, mzuka unapigwa juu yake. Klia ya juu inasuguliwa ishike, lulu inapulizwa, klia mpya juu, umemaliza. Rangi ya pikipiki inabaki ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi ambaye hapendi moto hatakimbia akiiona kwa mbali.

Sasa udhaifu. Mzuka hauonekani pikipiki ikiwa na vumbi, na pikipiki ya safari ina vumbi muda mwingi. Picha nazo haziupati vizuri, kwahiyo kama unapenda kupiga picha pikipiki yako kila kituo hutafurahi. Siku ya mawingu mazito ni kama hujapaka kitu. Alafu unahitaji mkono mwepesi sana, maana lulu ikizidi mipito miwili mitatu mzuka unageuka ukungu, sio rangi ya chini wala sio moto, na hapo hakuna kurudi nyuma bila kusugua upya. Tena vipande vyote vipulizwe vikiwa vimening'inizwa vile vinavyokaa kwenye pikipiki. Boksi likipulizwa limelala mezani na tangi limesimama, chembe za lulu zinatua tofauti, ukija kuvifunga unakuta boksi linang'aa na tangi limefifia, fundi anaapa ametumia kopo moja na anasema kweli.

Moto wa kweli wa eabrashi

Huu ni ule unaofanana na moto halisi, unachorwa kwa eabrashi, yaani kibomba kidogo cha kupuliza rangi, hauna ukingo, hauna mstari wa pembeni, ni miale na moshi. Aliyeupa jina sana ni Mmarekani Mike Lavallee, na mtindo wake umeigwa kila kona ya dunia. Unapigwa juu ya rangi nyeusi au ya giza: kwanza miale ya rangi moja inachorwa mkono huru na stensili zenye mikunjo, alafu inafunikwa na rangi ya kendi, yaani rangi angavu inayopitisha mwanga, alafu miale mingine juu, kendi tena, mwisho njano kali sehemu chache ambazo moto una joto zaidi. Kina kinatokana na hizo tabaka, ukiangalia kwa karibu unaona moto nyuma ya moto. Na sio lazima uwe wa machungwa, kwa njia hiyohiyo unapata wa bluu, kijani, zambarau.

Kwa karibu unashinda aina zote. Watu wanasogea, wanainama, wanauliza. Kwa mbali ndo unashindwa, toka mita 20 miale inachanganyika na unaona wingu la machungwa kwenye pikipiki nyeusi. Kwahiyo jiulize pikipiki yako inaangaliwa vipi. Kama unasimama sana sehemu za watu na wanakuja kuizunguka, huu ni wako. Kama raha yako ni vile inavyoonekana ikipita, rudi kwenye ndimi za kizamani.

Kitu kingine nnachoupendea, kila kipande kinajitegemea. Hakuna mstari unaotakiwa kutoka kwenye kava uendelee kwenye tangi, moto wa kweli unaweza kuishia popote na jicho likakubali. Pia kwa kuwa hauna ngazi za tepu, klia haihitaji kuwa nene. Ila unategemea mkono wa mtu mmoja. Ndimi za kizamani fundi mwingine mzuri anaweza kuziiga kwa kufuata ramani, moto wa kweli hauigiki, boksi likivunjika baada ya miaka mitatu na yule msanii ameacha kazi, boksi jipya litaonekana geni milele. Na wasanii wa eabrashi ni wengi kuliko wanaojua moto, wengi wanachora miale yote kwa unene mmoja, inatoka kama nywele. Usikubali kuonyeshwa picha ya simu tu, omba uone kazi yake kwa macho, juani.

Traibo na stika, kwa kifupi

Traibo ni zile ndimi zenye miiba na kona kali, zilipendwa sana miaka ya 1990, na zinaonekana hivyo hivyo, za miaka ya 1990. Kwenye pikipiki ya mbio yenye kona kali bado zinakaa. Kwenye pikipiki ya safari yenye mashavu ya mviringo zinagombana na umbo, mi nisingeweka.

Stika za vinaili zina haki yake. Ni rahisi, zinatoka, na ni njia nzuri ya kuishi na mchoro msimu mmoja kabla hujatoa hela ya rangi. Ila kwenye sehemu zinazopinda pande mbili kwa pamoja, kama pua ya kava au kona ya boksi, ncha nyembamba za ndimi ndo zinaanza kunyanyuka, na mashine ya kuoshea ya presha ikizipata hapo zinachanika. Kuna wanaopiga klia juu ya stika ili zisitoke, hapo umechukua ubaya wa pande zote mbili, haitoki na ukingo wake unaonekana.

Kava linageuka au limetulia?

Hapa ndo penyewe, na ndo swali ambalo mafundi wengi hawaulizi. Kuna pikipiki ambazo kava la mbele limefungwa kwenye usukani, linageuka nao. Electra Glide na kava lake la umbo la popo, ambalo Harley-Davidson walilileta 1969, ni mfano unaojulikana kuliko wote. Kuna zingine kava limefungwa kwenye fremu, halisogei: Road Glide, Gold Wing, K 1600, FJR1300.

Kava likiwa kwenye fremu, ulimi unaweza kuvuka toka kwenye kava kuja kwenye tangi au kava la pembeni na utabaki umelingana siku zote. Hapo mwani mrefu ndo unatoa uzuri wake wote, na mzuka pia. Kava likiwa linageuka, ukivusha ulimi utalingana usukani ukiwa umenyooka tu. Ukiegesha pikipiki kwa stendi ya pembeni na usukani umelala kushoto, ambayo ndo hali watu wengi wataiona, ule ulimi umekatika. Kwa Electra Glide na ndugu zake ni bora moto wa kava uishie kwenye kava lenyewe, kamili, na tangi lianze moto wake upya. Ndo maana kwa pikipiki za popo moto wa kweli, au magando ya kaa kwenye kava na mwani kuanzia kwenye tangi, vinakaa vizuri kuliko mwani mrefu wa moja kwa moja. Madigadi ya mbele nayo inageuka kwenye kila pikipiki, kwahiyo popote ulipo, moto wa madigadi ujitegemee.

Alafu maboksi. Ya Gold Wing ni sehemu ya mwili, hayatoki, paka moto upite juu yake bila wasiwasi. Ya K 1600 GT na FJR1300 yanachomolewa, na kama wewe ni mtu wa kuyaacha siku za kawaida, fikiria pikipiki itakavyoonekana bila maboksi: kama ncha zote za ndimi ziko kwenye maboksi, utaendesha pikipiki yenye moto uliokatwa mkia. Hapo ndimi ziishie kabla ya mkia, na boksi lipewe kitu kidogo tu, ulimi mmoja wa mzuka au mstari, au liachwe rangi tupu. Rangi tupu sio umaskini, jicho linahitaji sehemu ya kupumzika na pikipiki kubwa inaipata kwenye maboksi.

Kitu kimoja cha Gold Wing: tangi unaloliona sio tangi, petroli inakaa chini ya kiti tangu GL1000 ya miaka ya 1970, lile la juu ni kava. Maana yake karibu kila kitu unachopaka ni plastiki, na plastiki inajipinda. Rangi ikirundikana tabaka nyingi juu ya kitu kinachojipinda inapasuka, kwahiyo kwa Gold Wing mi naegemea mzuka zaidi maana tabaka zake ni chache, na fundi aulizwe mapema anatumia nini kushikiza rangi kwenye plastiki. Akijibu ni ileile ya bodi ya gari bila kufikiri, tafuta mwingine.

Kokoto, jua na kuanguka

Pikipiki ya safari inakula kokoto kwenye madigadi ya mbele na sehemu za chini za kava. Rangi ya kawaida isiyopitisha mwanga, njano, nyekundu, nyeusi, inatiwa nukta ya brashi na huioni tena. Kendi haikubali. Kila mpito wa kendi unaiva zaidi, ukitia tone dogo kwenye alama ya kokoto linatoka doa la giza, linaonekana kuliko alama yenyewe. Kendi ikiumia, kipande chote kinarudiwa, na hata hapo fundi anatakiwa ajue alipita mara ngapi mara ya kwanza. Kwahiyo ukichagua kendi, omba apige kibao kidogo cha majaribio sambamba na kazi yako, mipito ileile, siku ileile, na ukae nacho nyumbani gizani. Siku ya matengenezo kibao hicho kitasema kitu ambacho hakuna kumbukumbu ya mtu itakisema.

Jua nalo lina upendeleo. Kendi, hasa nyekundu na zambarau, zinafifia mapema kuliko rangi ya kawaida na mapema kuliko lulu ya mika. Pikipiki inayolala nje kila siku na kendi haviendani, hata klia yenye kinga ya jua inachelewesha tu. Inayolala ndani, twende kazi.

Kuhusu kuanguka, hizi pikipiki ni nzito, Gold Wing na Roadmaster ziko karibu kilo 400, na mara nyingi zinaanguka zikiwa zimesimama au zinageuzwa polepole. Kinachoumia ni kona ya chini ya kava na boksi. Basi usiweke kazi ya thamani hapo. Moto wa kweli wenye tabaka sita uwe juu, kwenye tangi na sehemu ya juu ya kava, na kule chini weka rangi ambayo fundi yeyote anaweza kuirudia. Sehemu abiria anapokanyaga akipanda, mfuniko wa boksi, nayo itachubuka tu, buti halina huruma. Na tangini petroli itamwagika, hakuna namna, kwahiyo klia iwe ile ya kuchanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), ya kopo la kupuliza la kawaida petroli inaitafuna. Hiyo ya hadna ina isosianeti, ni sumu kwa mapafu, fundi anayeipuliza na kitambaa usoni anajiua polepole, na mi nisingempa kazi mtu anayejifanyia hivyo.

Mi ningechagua nini

Road Glide au pikipiki yoyote ya kava lililotulia, inayolala ndani: mwani mrefu, ndimi chache, nne tano kila upande, rangi ya kawaida mbele na kendi kwenye ncha tu, mstari mwembamba kuzunguka. Umepata kuonekana kwa mbali na ukikaribia kuna kina.

Electra Glide na za popo: moto wa kweli kwenye kava na tangi, maboksi tupu. Kama msanii mzuri hayupo, usilazimishe, chukua magando ya kaa kwenye kava yenye mstari msafi, kazi ya wastani ya kizamani inavumilika lakini moto wa kweli wa wastani unauma macho kila asubuhi.

Gold Wing: mzuka, mzima, mbele mpaka nyuma, bila kusita. Na K 1600 GT au FJR inayovuliwa maboksi, mzuka pia, au ndimi za kizamani fupi zinazokaa kwenye kava na kuishia magotini mwa dereva.

Mtu anayetaka kuuza ndani ya miaka miwili asipake kabisa vipande vya asili, atafute makava ya pembeni na tangi la mitumba, apake hayo, ya asili ayafunge kwenye blanketi. Na mwenye bima amwambie mtu wa bima mapema kuhusu rangi, akiwa na picha na risiti, maana pikipiki ikiumia watalipa rangi ya kiwandani kama hawajui kuna nyingine.

Kabla hujatoa hata malipo ya kwanza, chukua tepu ya karatasi ya rangi inayoonekana, pikipiki ikiwa imefungwa vipande vyote, chora ndimi kuu kwa tepu wewe mwenyewe au na fundi. Sio nzuri, kubwa tu. Rudi nyuma hatua kumi uangalie, geuza usukani kushoto mpaka mwisho uangalie tena, toa maboksi kama yanatoka, kaa kwenye kiti uone kinachobaki machoni pako ukiendesha, maana wewe ndo utakayeiona kwa saa nyingi na unachokiona ni juu ya tangi na nyuma ya kava, sehemu ambazo watu wanasahau kuziwekea kitu. Iache usiku kucha. Asubuhi ukiitazama na bado unaitaka, piga picha kila upande, na hizo picha za tepu ndo umpe fundi, sio picha ya chopa ya mtu mwingine.

Kazi ikiisha usiwahi kupaka waksi wala kubandika filamu ya kuzuia kokoto, klia mpya bado inapumua, mpe kama siku 30 au zaidi kulingana na fundi atakavyosema kuhusu klia yake, osha kwa maji na sabuni laini tu, na mfuko wa kufungwa juu ya tangi uuache nyumbani mpaka hapo.